Mjadala: Je, ni sawa hospitali ya umma kufanya upasuaji wa kunyonya mafuta kwa ajili ya umbo?

MTOA MADA

Mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilipotangaza upasuaji wa urembo, ukiwamo ule wa kunyonya mafuta mwilini, watu waligawanyika papo hapo, na hadi leo hawajakubaliana. Wapo wanaosema kwamba jengo la umma halikujengwa ili kuwachonga watu wapate umbo namba nane, wakati kuna watoto wenye midomo sungura na majeruhi wa moto wanaosubiri zamu ya kuingia chumba cha upasuaji. Wapo wanaojibu kwamba mwenye fedha zake atafanyiwa tu, kama si hapa basi India, Uturuki au uchochoroni, kwa hiyo heri afanyiwe mahali penye bingwa na chumba cha uangalizi maalumu. Mimi naunga mkono huduma hii iwepo, ila kwa sharti moja: kabla ya kupokea hata senti, hospitali imwambie mteja waziwazi kwamba upasuaji huu hautibu unene.

Nieleze kwanza kinachofanyika. Daktari huingiza chini ya ngozi maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi iitwayo lidokeini pamoja na adrenalini kidogo, ambayo hubana mishipa midogo ili mgonjwa asipoteze damu nyingi. Kisha hupitisha mrija mwembamba wa chuma kwenye tundu dogo, akausukuma na kuuvuta mara nyingi huku mashine ikifyonza. Mrija wenye ncha butu ulienezwa na Mfaransa Yves-Gérard Illouz kuanzia mwaka 1977, na mbinu ya maji yenye ganzi nyepesi ni ya Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, katikati ya miaka ya 1980. Mafuta yanayofikiwa ni yale yaliyo kati ya ngozi na misuli, yanayoshikika kwa vidole, ambayo mtaani tunayaita nyama uzembe. Kitambi kigumu, kile kinachomtangulia mtu mlangoni wala hakishikiki, kinatokana zaidi na mafuta yaliyo ndani kabisa, yanayozunguka utumbo na ini. Huko mrija haupaswi kufika, na mafuta hayo ndiyo yenye uhusiano mkubwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Mdogo wangu hakuambiwa hayo. Alikwenda kwenye kituo kimoja binafsi akiwa na kilo 91 na sukari iliyoanza kupanda, akaahidiwa kwamba atatoka mtu mpya. Usiku wa kwanza nililala naye. Alikuwa amevalishwa vazi la kubana kuanzia chini ya matiti hadi magotini, na kwenye vile vitundu yalikuwa yakichuruzika maji mekundu mepesi, yakaloanisha khanga mbili hadi yakafika kwenye godoro, nasi hatukuwa tumeelezwa kwamba kuchuruzika huko ni kawaida, wala ni kiasi gani kinapaswa kututia hofu. Wiki moja baadaye alipanda mizani akakuta kilo 92, kwa kuwa mwili ulikuwa bado umevimba, akaketi jikoni akalia. Miezi minne baadaye kiuno kilikuwa kimechongeka kweli, magauni yalimkaa vizuri, na sitaki kuificha furaha yake. Sukari ilibaki palepale.

Hilo la sukari halikuwa bahati yake mbaya. Mwaka 2004, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 15 wenye unene uliokithiri, ambao kwa wastani walitolewa takribani kilo 10 za mafuta ya tumboni. Wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu, mafuta ndani ya damu na namna mwili unavyoitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, havikuwa vimebadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Mtu aliyepungua kilo hizohizo kwa kubadili chakula na kufanya mazoezi kwa kawaida huona nafuu katika vipimo hivyo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, mpe pole mdogo wako. Hata hivyo, hoja yako inanipa nguvu mimi ninayepinga. Ikiwa umekiri kwamba si tiba ya unene, kwa nini bingwa aliyesomeshwa kwa kodi za wananchi atumie saa tatu kuchonga kiuno cha mtu mwenye afya? Mabingwa wa upasuaji rekebishi nchini ni wachache. Wanaosema mapato yatasaidia wagonjwa maskini wakumbuke kwamba fedha inayoingia leo haimleti bingwa wa pili kesho asubuhi. Isitoshe, mwananchi wa kawaida akiona nembo ya hospitali ya taifa juu ya tangazo, anaamini kwamba anatangaziwa matibabu.

MCHANGIAJI WA PILI

Nawasalimu kutoka Nairobi. Kwetu, mwaka 2024, mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hii katika kituo cha kibinafsi, na baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, likaagiza kituo hicho kifungwe. Agizo lilikuja baada ya uhai kupotea. Hospitali za umma zikijitenga kabisa na huduma hii, haja ya watu haitakwisha. Itahamia mahali ambapo jicho la mkaguzi hufika likiwa limechelewa.

MTOA MADA

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu yetu wa Nairobi amegusa jambo linaloninyima usingizi, kwa sababu hatari za upasuaji huu haziishii mezani. Lidokeini iliyoingizwa chini ya ngozi hufyonzwa polepole, na kiwango chake katika damu hufikia kilele takribani saa 12 baadaye, wakati ambapo mgonjwa wa kituo kisicho na vitanda ameshalala nyumbani kwake. Damu inaweza kuganda miguuni na bonge likasafiri hadi kwenye mapafu, na mrija ulioelekezwa vibaya unaweza kutoboa utumbo, dalili zikajitokeza baada ya siku kadhaa. Kwa sababu hizo, kunyonya zaidi ya lita 5 kwa mara moja huhesabiwa kuwa upasuaji mkubwa, unaohitaji mgonjwa alazwe na kuangaliwa usiku kucha.

Kwa mchangiaji wa kwanza, kuhusu nembo umenishinda, nami nakubali. Tangazo la hospitali ya taifa lisiweke upasuaji huu sahani moja na huduma za kupunguza uzito, na mteja mwenye kisukari au presha apitie kwanza kwa daktari wa magonjwa hayo na mtaalamu wa lishe. Kuhusu saa za bingwa, jibu langu ni nusu tu: mikono inayochonga kiuno ndiyo inayorekebisha makovu ya moto, na mafuta yaliyonyonywa tumboni hutumika pia kujaza sehemu zilizobonyea kwa majeraha, kwa hiyo ujuzi haupotei. Zamu, hata hivyo, ni jambo jingine. Mtoto wa mdomo sungura aliyepangiwa Jumanne asihamishiwe Ijumaa kwa sababu ya mteja anayelipa, na orodha ya kusubiri iwekwe wazi ili jambo hilo lionekane.

Mdogo wangu bado ameihifadhi fomu aliyotia saini. Ina kurasa mbili, yote kwa Kiingereza, na hakuna mtu aliyeketi naye kumsomea. Ninachoiomba Mloganzila, na kila hospitali itakayofuata, ni fomu ya Kiswahili ambayo sentensi yake ya kwanza itasema kwamba upasuaji huu hubadili umbo na hautibu unene, kisukari wala presha, na chini ya sentensi hiyohiyo, kabla ya nyingine yoyote, kuwe na nafasi ya mteja kutia saini.