Naomba ushauri: mchezo wa Squad utatufaa hapa Mwanjelwa?
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla ya kununua mchezo wa kompyuta wa vita vya kulenga shabaha uitwao Squad, unaochezwa kwa timu mtandaoni, kwa ajili ya chumba chetu cha michezo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Navutiwa na jinsi timu ya wachezaji 50 inavyogawanywa katika vikosi vya watu wasiozidi 9, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake, kiasi kwamba mlengaji hodari asiyesikiliza wenzake huwa mzigo tu. Hofu yangu ni kwamba mchezo huu unahitaji kompyuta yenye nguvu na intaneti tulivu, ilhali yetu huyumba mvua inaponyesha (na mvua ya Mbeya haina haraka ya kuondoka). Kwa aliyewahi kuucheza akiwa Nyanda za Juu Kusini, je, ucheleweshaji wa seva za mbali (kompyuta zinazoendesha mchezo mtandaoni) unavumilika?