Mkwezi akianguka mnazini, gharama ni ya nani?

Mwana wa Tongoni
Ndugu zangu wa Tanga na Pangani, naleta jambo ambalo limenikosesha usingizi. Wiki iliyopita kijana wa mtaani kwetu alianguka akiangua nazi katika shamba la mtu, akavunjika nyonga na mkono, na mwenye shamba akatoa nauli ya bajaji pamoja na kole moja, yaani kichala kimoja cha nazi, kisha akasema hayo ni majaliwa. Nilifika pale kabla hajachukuliwa. Kamba yake ya miguuni ilikuwa imekatika penye fundo la zamani, na panga lake lilikuwa bado limenasa juu kwenye kuti. Naomba tujadili swali moja tu: kamba, mkanda na matibabu ya mkwezi ni jukumu la mwenye shamba anayemwita, au ni la mkwezi mwenyewe? Mimi nasema ni la mwenye shamba, kwa sababu mnazi wetu mrefu hupita mita 20 na anayekula mavuno yake ni yeye.

Mwenye Minazi wa Kigombe
Hilo la nauli ya bajaji limeniuma, maana limeandikwa kana kwamba sisi wenye mashamba hatuna utu. Nimewahi kukesha hospitalini siku mbili nikimuuguza mkwezi aliyeteleza shambani kwangu, na hakuna aliyekuja kuniandika. Mkwezi si mwajiriwa wangu: asubuhi yuko kwangu, adhuhuri yuko kwa jirani, na jioni anaangua madafu ya mchuuzi wa barabarani. Bei ya nazi huipanga mwenye lori la kwenda Dar es Salaam, wala haniulizi nimetumia nini shambani. Tena tuseme kweli, wengi wa vijana hawa hukwea wakiwa wameshaonja tembo, pombe ya mnazi, na mtu wa namna hiyo hata ukimfunga mkanda wa chuma ataanguka.

Mkwezi wa Mwarongo
Shikamoo mzee wangu. Nakwea minazi tangu nina miaka 15, sasa nimevuka 40, na tembo sijalitia kinywani hata tone. Mwezi wa Ramadhani, kila nyumba inapotaka tui la futari, mimi huwa juu ya mnazi baada ya Alasiri nikiwa nimefunga, koo limekauka na mapaja yanatetemeka, na nyinyi mko chini mnahesabu makole. Huyo ndiye mnayemwita mlevi?

Nitawaambia kinachotuangusha. Ni umande na mvua ya usiku, kwa kuwa gome likilowa nyayo hazishiki. Ni vidato vilivyochongwa zamani kwenye shina, ambavyo vimeoza kwa ndani huku juu vinaonekana vizima. Ni kuti kavu, ambalo ukilishika wakati unajiinua kuingia kileleni linang'oka lote na kukuacha hewani; ndiyo maana tunafundishwa kushika makuti mabichi mawili kwa pamoja na kutolihamisha tumbo mpaka mikono yote miwili imetulia. Na ni maji moto, siafu wale wekundu wanaoshona majani. Wakikuingia machoni, mkono mmoja umeshika kuti na mwingine umeshika panga, utajifuta kwa kitu gani? Mara ngapi nimewaomba wenye mashamba wawaondoe kabla sijapanda, nikajibiwa nivumilie!

Bint Pangani
Nawaombeni mtofautishe kazi hizi mbili, maana mmeanza kumvua mkwezi nguo na kumvika mgema, yule anayegema tembo. Marehemu baba yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi ileile asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, akiwa na kotama, kisu cha kugemea, kiunoni na kibuyu begani, akate kidogo karara, kifuko cha maua ya mnazi, akinge, ashuke, aende mnazi wa pili. Mkwezi wa nazi huurudia mnazi mmoja baada ya miezi miwili au mitatu. Mgema huurudia mara mbili kwa siku, kwa hiyo hesabuni wenyewe ni nani aliye karibu zaidi na kuanguka. Baba hakuwa mlevi. Angekuwa mlevi asingedumu na kazi ile hata mwezi, na mimi nisingesomeshwa kwa tembo hilo mnalolitemea mate. Wanaokunywa ni wateja walioko chini, na wengine wao ni hao hao wenye mashamba wanaomkodishia mgema minazi yao.

Mwenye Minazi wa Kigombe
Dada yangu, nilisema wengi, sikusema wote, wala sikumtaja mzazi wa mtu. Na mimi sikodishi minazi kwa tembo, kwa hiyo neno hilo la mwisho limetupwa mahali pasipo pake. Kuhusu maji moto, ndugu mkwezi anajua wazi kwa nini hatuwaondoi. Wataalamu wa minazi walitufundisha tangu zamani kwamba siafu hao ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka, nazi changa, hadi vikapukutika. Nikiwaua kwa ajili ya starehe ya mtu wa nusu saa, msimu mzima nitaokota vidaka chini badala ya nazi.

Mkwezi wa Mwarongo
Mzee wangu, macho yangu si starehe.

Mwana wa Tongoni
Jamani, tembo limetuondoa barabarani. Niliuliza gharama ni ya nani.

Fundi wa Chumbageni
Kwa maoni yangu mnagombana juu ya tatizo ambalo lina dawa. Pandeni minazi mifupi, ambayo mtoto anaangua akiwa amesimama chini, na kwa ile mirefu tumieni mashine za kukwelea. Kule Kerala, India, bodi yao ya minazi ilianzisha mwaka 2011 mafunzo ya vijana kwa mashine hizo, na wakawekewa bima ya ajali. Mtu husimama kwenye vikanyagio viwili vilivyofungwa kwa waya kuzunguka shina, akapanda hatua kwa hatua kama anayepanda ngazi. Kwetu tumebaki na kamba ya miguuni ya mababu.

Bint Pangani
Fundi, minazi mifupi ililetwa tangu enzi za ule mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na ugonjwa wa minazi ukaifyeka. Uliostahimili zaidi ni huu mrefu wetu wa asili. Hiyo mashine nayo inataka shina lililosimama wima, na minazi ya pwani hii imeinamishwa na upepo wa kusi mpaka mingine inakaribia kugusa maji.

Mwalimu wa Ngamiani
Nimesoma yote kwa makini, na naona mnakwepa sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mwajiriwa, na anayechangia mfuko ni mwajiri peke yake. Swali basi ni kama mkwezi ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lolote kati ya mambo kadhaa lipo: mathalani kazi yake inaongozwa na mwingine, au anamtegemea huyo kwa riziki yake, au amepewa naye vifaa vya kazi. Mkwezi wa kuitwa mara moja kwa miezi mitatu, anayekuja na kamba yake na panga lake, huponyoka karibu vigezo vyote. Wachumaji wa karafuu Pemba wamewahi kulipwa fidia walipoanguka mikarafuuni, kwa sababu karafuu ina mnunuzi mmoja, shirika la serikali, na mtu anajua mlango wa kugonga. Nazi ina wachuuzi mia, na kila mmoja ana lori lake.

Mwenye Minazi wa Kigombe
Mwalimu, umesema jambo ambalo nimelihofia miaka yote bila kulijua jina. Kumbe nikimnunulia mkwezi mkanda, nimempa kifaa cha kazi, na nikimpa kifaa cha kazi nimejifanya mwajiri wake! Kwa hiyo anayejali ndiye atakayeshikwa, na yule wa nauli ya bajaji atakuwa salama. Niambieni ni mwenye shamba gani mwenye minazi 60 atakayekubali hilo.

Mwana wa Tongoni
Mzee wangu, sasa umelijibu swali langu bila kutaka. Kama hofu ya kuitwa mwajiri inakuzuia kutoa kamba, basi unakiri kwamba kamba ilikuwa inahitajika.

Mwenye Minazi wa Kigombe
Sijakiri lolote. Nimesema sheria inaniadhibu kwa wema. Ila neno langu la tembo nalirudisha, kwa mkwezi na kwa binti wa mgema, kwa kuwa nililisema nikiwa na hasira.

Mwalimu wa Ngamiani
Ipo njia ya katikati. Wakwezi wa kijiji kimoja waunde kikundi, kikundi ndicho kinunue na kumiliki vifaa, na kila mwenye shamba alipe kidogo juu ya ujira kwa kila mnazi ili kiweke akiba ya matibabu. Hapo mzee hajatoa kifaa kwa mtu yeyote.

Mkwezi wa Mwarongo
Nimepokea msamaha, mzee wangu. La kikundi nitalifikisha kwa wenzangu, tuko saba huku kwetu. Mimi siombi mashine ya India. Mkoa huu ulioletewa mkonge tangu mwaka 1893 haushindwi kutoa kamba mpya ya katani ya kumfunga mtu mmoja kiunoni akiwa kileleni, pale anapohitaji mikono yote miwili kukata kole. Na mashamba yatakayotuita baada ya mvua ya usiku yatusubiri mpaka saa nne, jua likaushe gome. Kesho nina minazi 12 Kigombe, na kamba ninayokwenda nayo nimeiunga mara mbili.

Mwenye Minazi wa Kigombe
Hiyo 12 ni yangu. Usipande na kamba hiyo. Njoo saa nne, tupitie kwanza dukani, na risiti iandikwe jina la kikundi chenu.