Naomba ushauri: kubishana na nisiowajua kuhusu bunduki kunanimaliza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu.

Nipo Marekani, Ohio, mwaka wa nne sasa. Kila nikitoka zamu najikuta nabishana mtandaoni na watu nisiowajua kuhusu haki ya kumiliki bunduki. Nimejisomea vya kutosha: Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa 1791 kulinda haki hiyo, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Heller ya 2008 iliyosema haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata ile bastola ya plastiki ya kuchapa kwa printa ya 3D iliyozua kelele 2013. Nikiweka hoja, najibiwa "rudi kwenu". Juzi nimekesha hadi saa nane usiku naandika jibu refu, chai imepoa pembeni, kumbe jamaa kanibloku zamani. Nilicheka, ila iliniuma.

Nimezima arifa, nimefuta programu. Siku tatu nyingi, naipakua tena. Mke wangu kachoka na mwanga wa simu kitandani.

Mnamtambuaje mapema anayetaka kuelewana na anayetafuta ugomvi tu? Na mliokwisha kuomba uraia huku, mliwahi kuulizwa mliyoandika mtandaoni?