Je, kupiga kura kunaendana na misingi ya panki?

Mpiga Besi (mwanzisha mada)

Naomba mawazo ya waliokwisha kulitafakari jambo hili. Kikundi chetu kiliundwa na watu waliokutana kupitia muziki wa panki, ile roki ya kasi na ya uasi, na kwa miaka minne tumekuwa tukiendesha ukumbi mdogo wa maonyesho na kugawa chakula bila malipo mara moja kwa wiki, bila mfadhili wala mwenyekiti, kila uamuzi ukipitishwa kwa makubaliano ya wote. Sasa uchaguzi umekaribia, na mkutano wetu wa mwisho uliishia katika mabishano. Upande mmoja unasema kwamba anayetumbukiza karatasi sandukuni amekwisha kukubali kutawaliwa, kwa hiyo aache kuimba kuhusu uhuru. Upande mwingine unasema kwamba kususia kura ni anasa ya watu ambao sheria mbaya hazitawagusa. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo wanaonijua watalishangaa. Je, mtu anaweza kupiga kura na bado akawa mkweli kwa misingi yetu, yaani kujifanyia mambo wenyewe, kutoabudu viongozi na kusimama na jirani? Na je, kikundi kinapaswa kuwa na msimamo mmoja?

Gitaa Bovu

Historia ya panki haina jibu moja, na anayekuambia inalo anakuuzia fulana. Bendi ya Crass nchini Uingereza ilihubiri uanarkisti, yaani kuishi bila watawala, na kuukataa mfumo wa vyama moja kwa moja. Lakini katika nchi hiyo hiyo, tarehe 30 Aprili 1978, The Clash, bendi nyingine ya panki, walipiga muziki katika bustani ya Victoria Park, London, mbele ya maelfu ya watu walioandamana kupinga ubaguzi wa rangi, na siku chache baadaye kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa ambamo National Front, chama cha kibaguzi cha mrengo mkali wa kulia, kilikuwa kikitafuta viti. Maandamano yale hayakuhitaji mtu ampende mgombea yeyote. Ilitosha kujua ni nani asiyestahili kupita.

Mwaka uliofuata Jello Biafra, mwimbaji wa bendi ya panki Dead Kennedys, aliwania umeya wa San Francisco, Marekani, na kupata kura zaidi ya 6,500. Wengi wanakumbuka utani wake wa kuwavisha wafanyabiashara mavazi ya vichekesho, na wanasahau kwamba katika ilani hiyo hiyo alitaka polisi wachaguliwe na wakazi wa mitaa wanayoilinda. Alishindwa, lakini kampeni yenyewe ilikuwa jukwaa. Kwangu mimi kura ni chombo cha kujikinga, inachukua saa moja, na baada ya hapo unarudi jikoni kumenya viazi.

Hana Bendera

Hiyo «saa moja» ndiyo ninayoikataa. Sijawahi kuona kikundi kilichotumia saa moja. Kinachotokea ni miezi mitatu ya vipeperushi, ugomvi juu ya mgombea yupi ana afadhali, kisha mchovu anayesema kwamba tugawe chakula baada ya uchaguzi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na sisi tunaelekea kuwa mabingwa wa kuchagua majembe.

Tazameni Food Not Bombs, kundi la kugawa chakula bila malipo, walioanza mwaka 1980 huko Cambridge, Massachusetts. Walipofika San Francisco, kuanzia 1988 polisi waliwakamata mara nyingi kwa kosa la kugawa chakula hadharani bila kibali. Ukamataji huo ulianza chini ya meya Art Agnos, ambaye alihesabiwa kuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na ukaendelea kwa ukali zaidi chini ya Frank Jordan aliyemshinda. Wapiga kura walibadilisha meya, lakini pingu zilibaki zile zile. Kilichowaokoa ni kwamba kila sufuria iliponyang'anywa, ilikuja nyingine, kwa sababu walikuwa wamejenga mtandao wa watu ambao hawakungoja ruhusa.

Na kwa wale watakaonikumbusha Punk Voter, kampeni ya Fat Mike wa bendi ya NOFX ya kuwahimiza mashabiki wa panki wapige kura dhidi ya Rais Bush: ziara, albamu mbili za mkusanyiko na nguvu kubwa mwaka 2004, na George W. Bush akashinda tena. Siwacheki. Nauliza tu nguvu ile ingejenga kumbi ngapi.

Fundi wa Sauti

Hana Bendera, mfano wako wa San Francisco una uzito, na hata hivyo ndani yake kuna jambo umelipita: meya wa pili alikuwa mkali zaidi. Kwa anayelala nje, tofauti kati ya meya mbaya na meya mbaya zaidi si nadharia. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2000 jimbo la Florida, na pamoja nalo urais wa Marekani, liliamuliwa kwa tofauti rasmi ya kura 537. Ukumbi mmoja wa panki ukijaa vizuri hupita idadi hiyo.

Lakini mimi ningependa tuutazame ukumbi wenyewe, kwa kuwa muulizaji anao. ABC No Rio, kituo cha sanaa cha New York, ilianza mwaka 1980 katika jengo la jiji, ikawa makao ya maonyesho ya panki, na kwa miaka mingi jiji lilijaribu kuwafukuza waliokuwamo. Walipinga kwa kukalia jengo, kwa maandamano na kwa kesi. Hatimaye mwaka 1997 jiji lilikubali kuwauzia kwa dola 1, kwa sharti kwamba wachange fedha za ukarabati, na mauzo yalikamilika mwaka 2006. Mnaona mchanganyiko huo? Bila ukaidi wa wakazi, hakuna afisa ambaye angekaa mezani nao. Bila afisa mwenye mamlaka ya kutia sahihi, wangeendelea kukaidi hadi leo, wakizeeka humo humo. Ndiyo maana kura za halmashauri huniumiza kichwa kuliko za urais: diwani ndiye anayegusa kibali chako, kodi yako na mfereji wako wa maji taka.

Onyo moja, ili nisionekane muumini. Jón Gnarr, mchekeshaji aliyekulia katika panki, aliunda chama cha utani huko Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, na mwaka 2010 kikachukua viti 6 kati ya 15, naye akawa meya. Utani ukaisha mara moja: shirika la nishati la jiji lilikuwa na madeni makubwa, bei zikapandishwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Alimaliza muhula mmoja na hakugombea tena mwaka 2014. Anayeshika usukani hulipa madeni ya aliyemtangulia, awe panki au asiwe.

Mpiga Besi

Nawashukuru wote. Tulikutana tena jana, nami nikawasomea majibu yenu, pamoja na lile la jembe lililozua kicheko na kisha ukimya. Tumekubaliana kwamba kikundi hakitamuunga mkono mgombea yeyote, jina la ukumbi halitaonekana kwenye kipeperushi cha mtu, na kila mmoja atapiga kura au ataiacha bila kuhojiwa, kwa kuwa kura ni siri. Wagombea udiwani wataalikwa kujibu maswali kuhusu vibali vya kumbi, wakiwa wamesimama upande wa hadhira na si jukwaani. Siku ya uchaguzi inaangukia siku yetu ya chakula. Wawili walipendekeza tuahirishe, wakashindwa kushawishi. Sufuria zitawekwa jikoni saa ile ile ya kila wiki.

Hana Bendera

Basi siku hiyo nitapika. Sitapiga kura, lakini atakayekwenda kupiga nitamwekea sahani yake.