Msikiti usio na paa: gumzo la Ukoo wa Bi Zume

[07:20] Rukia: Asalaam alaykum nyote. Tuko Quanzhou, China, tangu jana usiku, Suleiman kamaliza kupakia mzigo Guangzhou akasema twende tutembee siku moja. Hapa saa sita na dakika ishirini, adhuhuri imeingia. Kikundi kinafunguka kwa laini ya nyumbani tu na kifurushi kinakwenda mbio. Nikipotea msianze kulia.

[07:22] Asya: Waalaykum salaam. Bibi yuko hapa anasema niandike: adhuhuri gani na yeye hata chai hajamaliza?

[07:23] Rukia: Shikamoo Bibi. Wametutangulia saa tano huku.

[07:23] Asya: Marahaba. Anasema msile kitu bila kuuliza.

[07:31] Rukia: 📷 Lango la msikiti wa Qingjing. Jiwe tupu, na tao limechongoka juu. Ukiingia unakuta tao jingine, na jingine. Mimi nilitarajia vigae na mapaa yaliyopinda kama kwenye picha za China. Wapi!

[07:34] Shangazi Tatu: Mashaallah. Mbona picha ya pili naona nyasi na mbingu?

[07:36] Rukia: Ndimo tulimo Shangazi. Ukumbi wa zamani hauna paa. Kuta nne, na chini mawe yaliyokuwa yakibeba nguzo. Mihrabu ipo ukuta wa magharibi. Suleiman kasimama mbele yake hasemi, na mnamjua alivyo msemaji. Kusali wanasalia ukumbi mdogo wa pembeni, nasi tushasali.

[07:37] Asya: Bibi anauliza, magharibi si ndiko kwetu? Wanatuelekea sisi?

[07:38] Rukia: Makka Bibi 😂 nyinyi mko chini kidogo.

[07:41] Ami Khamis: Paa inasemekana liliangushwa na tetemeko la 1607. Hebu tazameni ndani ya lango, kuna maandishi ya Kiarabu ukutani. Mwaka gani umo?

[07:46] Salma: Ami, nimesoma maneno machache nikachoka, Baba kamalizia. 400!

[07:47] Ami Khamis: Ahsante mwanangu. 400 Hijria, yaani 1009 Miladi. Na aliyeutengeneza upya 1310?

[07:50] Salma: Ahmad bin Muhammad, wa Shiraz.

[07:50] Ami Khamis: Mshirazi! Haya, nyinyi wote mnaojisifia babu zenu Mashirazi, mwenzenu huyo kafika mpaka China.

[07:52] Nassor Maskat: Ami, ule msikiti wetu wa Kizimkazi, Unguja, si 500?

[07:53] Ami Khamis: 500 Hijria, 1107. Maandishi ya Kufi, hati ya Kiarabu ya zamani, kwenye mihrabu. Wametupita miaka mia.

[07:54] Shangazi Tatu: Lakini wa Kizimkazi una paa.

[07:54] Nassor Maskat: La bati!

[07:55] Shangazi Tatu: Bati si paa? Subiri mvua.

[09:08] Rukia: Bibi alijua. Njaa imetushika, tukakuta mama anakaanga chaza kwa mayai, harufu inakuita toka mbali. Nikamwonesha kidumu cha mafuta, mafuta ya nini? Simu ikatafsiri ovyo. Yule mama akacheka, akabinya pua akaguna kama nguruwe. Haitham keshanyoosha mkono! Nimemvuta kwa kola.

[09:10] Asya: Bibi anasema Alhamdulillah, na yule mama Mungu amlipe kwa ukweli wake.

[09:12] Rukia: Sasa tunakula tambi za ng'ombe, kijana anauvuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi, anaubamiza mezani, pa! Salma kajichorea kiganjani zile herufi mbili za Kichina za duka la halali, basi kila kibao tunalinganisha na mkono wake.

[11:25] Rukia: 📷 Salma kijiji cha Xunpu. Wanawake wa pwani hapa wanazungusha maua kichwani, duara juu ya duara. Sasa ni biashara ya wageni. Yeye kavikwa juu ya mtandio.

[11:27] Shangazi Tatu: Asumini hiyo?? Basi hao ni ndugu zetu, ongezeni kikuba tu.

[11:28] Nassor Maskat: Anakwenda kuolewa huyo?

[11:28] Salma: Mjomba!!!

[11:33] Rukia: Na nyumba zao kuta zimepigwa magamba ya chaza, makubwa kuliko kiganja changu. Kabla ya huku tulipita Lingshan, makaburi mawili ambayo wanasema ni ya Waislamu wa mwanzo kuja. Pana jiwe la Zheng He, yule amiri wa merikebu za China, alikwenda kuomba dua 1417 kabla hajasafiri.

[11:35] Ami Khamis: Mwislamu wa Yunnan. Merikebu zake zilifika Malindi. Nendeni mkaione na meli ya Kaiyuan kabla hawajafunga.

[11:36] Asya: Bibi: Kaiyuan si hekalu hilo?

[11:37] Rukia: Tumetoka huko asubuhi Bibi. Meli ina jumba lake uani, hatukuingia kwenye masanamu. Imefukuliwa matopeni 1974. Limebaki tumbo lake tu, mbao nyeusi, zimepangwa tabaka kwa tabaka. Walikuta pilipili manga, kauri, miti ya kunukia, na ubani.

[11:38] Asya: Anauliza ubani wanauza?

[11:39] Rukia: Uko ndani ya kioo, una zaidi ya miaka 700!

[11:41] Asya: Anasema basi uacheni, wake atanunua Darajani. Na Haitham avae soksi.