Tallinn na kwaya ya watu 30, siku ya mapumziko tuipangeje?

Mwanakwaya:
Habari zenu wadau. Kwaya yetu inaenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mwezi wa sita, tuko kama 30, wazee kwa vijana. Siku ya kwanza tunaimba na kwaya wenyeji, ya pili tuko huru na nataka watu wauone mji wa zamani kwa raha sio kukimbizana. Tuanzie wapi?

Msafiri Mkongwe:
Hongereni sana mkuu. Anzeni juu kilimani Toompea asubuhi mapema kabla meli za watalii hazijashusha watu, maana zikishatia nanga vichochoro vinafurika na kundi lenu mtapotezana tu. Pale juu mnaona mapaa mekundu, minara ya ukuta na bahari kwa mbali, halafu mnateremka mdogo mdogo hadi uwanja wa Raekoja, jumba la mji lilikamilika 1404 na jirani yake kuna duka la dawa linalotajwa tangu 1422 na mpaka leo linauza dawa. Viatu viwe vya soli nene, njia ni za mawe matupu. Gawaneni kumikumi, kila kumi na kiongozi wao.

Dada wa Pwani:
Naunga mkono, ila kwaya kwenda Tallinn bila kufika Lauluväljak, uwanja wao wa nyimbo, hapana jamani, nendeni! Uko njia ya Pirita, unatazama bahari. Tamasha lao la nyimbo lilianza Tartu 1869, na mwaka 1988 watu kwa malaki walijaa hapo uwanjani wakaimba wakidai uhuru wao kutoka kwa Wasovieti, wakaupata 1991, ndo maana wenyewe wanayaita mapinduzi ya kuimba. Nendeni jioni, mwezi wa sita jua linazama saa 4 na nusu usiku hivi kwa hiyo muda mnao. Halafu mabasi ya bure ni kwa wakazi wa mji tu, wageni mnalipa, bajeti iwekeni kabisa.

Mwanakwaya:
Asanteni mno, uwanja wa nyimbo sikuwa naujua kabisa, nauweka jioni. Sasa mama zetu wenye magoti mabovu kule Toompea watapandaje?

Msafiri Mkongwe:
Wapitishe njia ya Pikk jalg, ni mwinuko wa taratibu, ile ya Lühike jalg ina ngazi waachieni vijana. Na viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ombeni mapema wote kwa pamoja, hiyohiyo inawatosha hata mkitaka kuvuka Helsinki kule Finland, meli ni kama masaa mawili.