Nina 1,200,000, ninunue pampu ipi ya kumwagilia nyanya?

Ekari_na_nusu: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Ilula, Iringa, nina ekari moja na nusu ya nyanya na miaka yote nalima za mvua tu, sasa zikiiva zangu zinaiva na za kijiji kizima, bei ya tenga inashuka mpaka hela ya wachumaji hairudi. Nataka nilime kiangazi. Kisima ninacho, nimechimba na vijana wawili, upana wake mita moja na nusu hivi. Dukani wamenambia nichukue pampu ya petroli ya inchi 3, yaani upana wa mdomo wake wa maji, eti ya inchi 2 ni ya bustani ya nyumbani, lakini jirani yangu anayo hiyo hiyo ya inchi 2 anavuta mtoni na inapiga maji vizuri tu. Mke wangu kasema tuulize kwanza. Nisaidieni, hii hela nikikosea sina nyingine.

Fundi wa Maji: Mkuu kabla ya kuongelea inchi, maji yako chini mita ngapi? Usinipe ya masika, nipe ya mwezi wa 10.

Ekari_na_nusu: Mwaka jana mwezi wa 10 kamba ilikuwa inashuka kama mita 11 ndo ndoo inagusa maji. Masika yanapanda hadi mita 5.

Fundi wa Maji: Basi usinunue ya inchi 2 wala ya 3. Pampu inayokaa juu kazi yake ni kutoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, halafu uzito wa hewa ya nje ndo unayasukuma maji yapande, na huo uzito una mwisho, kwa vitendo ni kama mita 7 na huku kwetu milimani ni pungufu ya hapo. Hata uweke injini ya lori maji hayafiki. Kusukuma kwenda juu inaweza, hata mita 20, kunyonya ndo hapana. Jirani yako anapata kwa sababu mto uko pale pale chini ya pampu.

Mama Bustani: Kaka nakuomba kitu kimoja, kuna mtu atakuja kukwambia uishushe injini kisimani ili iwe karibu na maji, USIKUBALI. Moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu, inajaa shimoni, mtu akishuka kuongeza mafuta anaanguka, na anayemfuata kumwokoa anaanguka naye. Mdogo wangu tulimvuta kwa kamba aliyojifunga kiunoni, katoka midomo imekauka hatujui kama anapumua. Bila ile kamba tungemzika.

Ekari_na_nusu: Pole sana dada. Kweli hilo wazo nilishapewa na mtu.

Mzee wa Matone: Kijana, marahaba. Mimi nauliza kisima chenyewe kina maji kiasi gani. Kwa upana huo, maji yakiwa na kina cha mita 2 unazo kama lita 3,500, na pampu nyingi za inchi 3 zimeandikwa lita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo dakika nne umemaliza unabaki unanyonya tope. Ekari moja ya nyanya kiangazi inaweza kutaka lita 20,000 kwa siku. Tafuta pampu ndogo ya sola ya kuzamisha, iwe inavuta polepole toka asubuhi inajaza tanki lililoinuliwa, toka pale mipira ya matone, ile yenye vitundu inayodondosha maji kwenye kila shina. Betri huhitaji, tanki ndo akiba yako. Ila iwe na kifaa cha kuizima maji yakiisha, ikizunguka bila maji inaungua, na uliza kabisa spea zake zinapatikana Iringa mjini au mpaka Dar. Kabla ya yote chota ndoo nyingi kwa mkupuo, uangalie yanarudi kwa muda gani.

Ekari_na_nusu: Wakuu nimerudi. Leo alfajiri tumechota ndoo 40 za lita 20, mimi navuta mke wangu anahesabu kwa punje za mahindi. Maji yameshuka kama sentimita 45 na yamerudi pale pale baada ya saa mbili kasoro. Nimepiga hesabu ni kama lita 10,000 usiku na mchana, kwa hiyo ni nusu ekari, na sasa hivi bado mwezi wa 8. Dukani nimewapigia nimewaambia ile ya inchi 3 wasiniwekee. Mwezi wa 10 nachota tena ndoo 40, ndo nijue hiyo nusu ekari nilime yote au nipunguze.